Mgodi wa Kwenye Laptopu

Oya wanangu wa Kashozi, tuanze na Kabanga, kule Ngara. Mkoa ni huuhuu wetu wa Kagera, ila ukitoka huku unakaa kwenye basi mpaka miguu ife ganzi. Nikeli ya Kabanga ilianza kufuatiliwa kwa nguvu miaka ya 1970, Umoja wa Mataifa ukiwa umetia mkono. Baada ya hapo ikapita kwa mabosi kibao: Sutton, Barrick, Xstrata, Glencore. Mwaka 2018 serikali ikafuta leseni. Januari 2021 ukasainiwa mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikakamata hisa asilimia 16. Humo katikati mashine zimechoronga zaidi ya kilomita 500 za mwamba. Sasa shika hili: kwa zaidi ya miaka 40, kitu kilichokuwa kinauzwa, kinanunuliwa na kugombaniwa pale hakikuwa nikeli. Lilikuwa faili.

Sitanii. Nikeli yenyewe ilikuwa imelala zake chini. Walichopeana mabosi ni orodha ya matundu yaliyochorongwa, majibu ya maabara na mchoro wa 3D unaoonyesha madini yamejikunja vipi ndani ya mwamba. Mtu amekaa Toronto au London, vumbi la Ngara hajawahi kulionja, anazungusha mwamba kwa kipanya kwenye kioo, anavuta pumzi, halafu anaweka mpunga mezani au anasepa.

Huo mchoro kuna watu huutengeneza. Ni kazi, ina mshahara, ina kambi na msosi wa bure. Na mimi nasema mtoto wa Kashozi anaweza kuanza kuisoma kazi hiyo akiwa geto kwake, kwa laptopu ya mtumba na bando la usiku, kabla hajaliona geti la mgodi wowote. Tatizo la wengi wanaoanza ni kushobokea programu. Wanaulizana nani ana Surpac, nani ana Leapfrog, utadhani wanaulizana simu. Cha kushobokea ni data. Nitakomaa na hilo mpaka mchoke.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nyumbani, asije mtu akaanza kung'oa migomba ya bibi. Miamba ya huku kwetu, yale magenge yanayotazama ziwa, ni mchanga wa zamani sana ulioshikana ukawa jiwe. Ni maarufu kiasi kwamba vitabu vya jiolojia vya Afrika Mashariki vina kundi zima la miamba lililopewa jina la Bukoba. Ila umaarufu sio dhahabu. Dhahabu ya mkoa iko Biharamulo, kule Tulawaka, ambako Barrick walifungua mgodi katikati ya miaka ya 2000 na STAMICO, shirika la madini la serikali, wakauchukua 2013, leo unaitwa STAMIGOLD. Bati liko Kyerwa. Nikeli Ngara. Sisi tuna kahawa, ndizi, vanila na senene wakishuka.

Na tuna shule. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na tangu siku hiyo kusoma kumekuwa dini ya pili huku. Nshomile, yaani wasomi, kila kona. Mhaya akimaliza dakika tano bila kutaja digrii yake, mpelekeni hospitali, huyo anaumwa. Basi tuutumie huo ugonjwa vizuri. Maana kitaa kwa sasa michongo inajulikana: boda, udeiwaka, kusimamia kahawa ya mzee, au kukaa kijiweni unasubiri mkeka uitike, na mkeka wenyewe unachanwa na timu ya mwisho, dakika ya 90.

Tena mwamba sio kitu kigeni kwa ukoo wetu. Pale Katuruka, upande wa Maruku, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuru za chuma za miaka karibu 2,000. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliombwa kujenga tanuru na kuyeyusha chuma tena, wakaifanya kazi kwa kumbukumbu ya kichwani, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hiyo kwenye jarida la Science. Yaani wazee walikuwa na data: jiwe gani, mkaa wa mti upi, upepo kiasi gani. Ila ilikuwa imehifadhiwa vichwani, na kila mzee akiondoka, anaondoka na folda yake.

Sasa tuingie geto, tuwashe mashine.

Programu hizi hufanya nini hasa? Mwangalie mama akipika ndizi na maharage chungu kizima. Hamwagi chungu ili ajue zimeiva. Anachoma kisu hapa, anachoma pale, anachoma pembeni karibu na ukingo, halafu anatoa hukumu ya chungu chote. Uchorongaji ndio huohuo. Huwezi kuufunua mlima, unautoboa sehemu chache, unatoa mwamba wa mviringo, unaupeleka maabara, halafu unakisia kilichopo kati ya tundu na tundu. Programu ya jiolojia ni ya kukisia kwa adabu. Programu ya kubuni mgodi inachukua makisio hayo na kuuliza: tukichimba hapa, tukaweka barabara ya malori hivi, tutatoa mbale (mwamba wenye madini) kiasi gani na magwangala (mawe ya kutupa) kiasi gani, na mwisho wa siku kutabaki chochote mfukoni?

Majina utakayoyasikia migodini ni haya. Surpac ilizaliwa Perth, Australia, leo iko chini ya Wafaransa wa Dassault Systèmes. Micromine nayo ya Perth. Vulcan ni ya Maptek, Australia hiyohiyo. Datamine ina asili ya Uingereza. Leapfrog inatoka Christchurch, New Zealand, na hii ina stori tamu: hesabu zinazoiendesha, kabla ya kuingia kwenye madini, zilitumika na wataalamu wa Christchurch kuunda viraka vya mafuvu ya watu. Fuvu lina tundu, kompyuta inaangalia mfupa uliobaki inakadiria umbo la kipande kilichokosekana. Baadaye jamaa wakaona mwamba nao una mapengo ya aina hiyo.

Bei za leseni hizi usiulize. Leseni ya mgodi inaweza kuwa bei ya ndinga. Ndiyo maana kila chuo kina msela mwenye flashi, anakuja na kraki, "mwanangu hii full, haina noma." Mimi kraki siipendi, na sio kwa ulokole. Flashi ile ina virusi kuliko madini. Halafu utajifunza toleo la kizamani, vitufe vyote vimeshahama. Na ukishazoea kazi za kuficha utatuma siku moja faili kwa kampuni, wataalamu wa upande wa pili wakishtuka limetoka wapi, shavu ulilokuwa unalisubiri linakwenda na maji. Kampuni nyingi zinazotengeneza programu hizi zina leseni za vyuo, kwa hiyo ukiwa chuo mfuate mwalimu wa idara, mwombe kiroho safi, mwambie waitu, naomba hata saa mbili kwenye maabara jioni. Ambaye hayupo chuo ana njia yake, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora ya kuanzia hata kwa wa chuo.

Njia inaanza na QGIS. Bure, halali, haina flashi. Sio programu ya mgodi, ni ya ramani, lakini ukiiruka hii utakuja kuumbuka. Kuipakua ni mzigo mzito, subiri bando la usiku, ukalale. Laptopu yenye RAM ya GB 8 itaisukuma, itanung'unika lakini itasukuma. Ukiweza pata GB 16 na kadi ya michoro inayojitegemea, maana huko mbele kwenye 3D ndiko mashine za mtumba zinakopiga kelele kama jenereta.

Halafu tafuta mwinuko wa ardhi ya kwenu. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima milima kwa rada. Data ile ni ya bure, kipande kinachobeba Bukoba nzima ni kidogo kuliko video ya Bongo Fleva. Kifungue ndani ya QGIS. Utaona ziwa limelala kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, utaona magenge, utaona mgongo wa kilima unachopanda kila siku ukitukana. Chora mistari ya mwinuko, kata ukuta wa pembeni kutoka ziwani kwenda bara, ulinganishe na macho yako. Hapa ndipo watu wanadharau, eti mimi nataka mgodi sio kilima. Sikiliza: kazi ya kwanza ya fildi karibu yoyote ni kuuliza kama uso wa ardhi kwenye kompyuta ni uso wa ardhi wa kweli. Wewe una bahati, unakijua kilima hicho kwa miguu. Kompyuta ikikudanganya utaibamba.

Sasa kuna jambo moja limewatoa jasho wakubwa. Kwenye mfumo wa ramani wa UTM, Kagera yote iko kanda ya 36 Kusini. GPS na simu yako zinaongea WGS 84, namba yake kwa kanda hiyo kwenye QGIS ni 32736. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960, namba yake kwa kanda hiyohiyo 21036. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazibandika kwenye mwingine bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300. Kwa macho ya kawaida kwenye ramani ya mkoa hutashtuka. Lakini leseni ndogo ya mchimbaji yenye hekta 10, kama ni mraba, upande wake ni mita 316 tu. Kwa hiyo ukizingua mfumo, umeichukua leseni ya mzee wa watu ukaipeleka karibu nzima kwa jirani. Vurugu za mipaka machimboni zinajulikana zinavyoishia. Kabla ya kujifunza kitufe chochote kingine, jifunze kuuliza: namba hizi ni za mfumo gani? Muulize aliyekupa faili mpaka akuone mkorofi.

Ukishakaa sawa hapo, ingia kwenye matundu. Programu za migodi, za bei ya ndinga na za bure, zinakula chakula cha aina moja: majedwali manne. La kwanza ni kola, yaani mdomo wa tundu: jina la tundu, mashariki, kaskazini, mwinuko, na urefu wa tundu lote. La pili ni savei: tundu limeelekea wapi na limeinama kiasi gani, kwa kila kina kilichopimwa, maana tundu refu halinyooki, linapinda lenyewe huko chini. La tatu ni asei, majibu ya maabara: kutoka mita hii mpaka mita hii, madini kiasi hiki. La nne ni miamba: kutoka hapa mpaka hapa ni jiwe gani. Majedwali manne yanashikana kwa jina la tundu. Basi. Huo ndio moyo wa fani nzima, na unaweza kuutengeneza kwenye Excel ukiwa umejilaza.

Na humo ndimo vimeo vyote vilimo.

Chukua mwinamo. Surpac inataka tundu linalokwenda chini liandikwe kwa hasi, yaani -60. Leapfrog, ukiiacha ilivyo, inahesabu chanya kuwa ndiyo chini. Ukihamisha faili bila kugusa alama, matundu yako yote yanaweza kupaa angani kama fataki za mwaka mpya. Hilo angalau linaonekana, mnacheka, mnarekebisha. Baya ni lile lisiloonekana. Surpac kwenye faili zake hutanguliza kaskazini halafu mashariki, wakati dunia nzima imezoea mashariki kwanza. Umebadilisha safu hizo mbili, mgodi wako umehamia nchi nyingine, na kwenye kioo matundu yamejipanga vizuri tu, mazuri kabisa, yanapendeza.

Chukua maabara. Dhahabu ikiwa kidogo kuliko kipimo kinavyoweza kuona, wanaandika alama ya "chini ya" mbele ya namba, mfano <0.01. Kompyuta ikikuta alama hiyo inaona maandishi, sio namba. Programu nyingine inaacha pengo, nyingine inaweka sifuri, nyingine inagoma. Pengo na sifuri ni vitu viwili tofauti sana. Pengo maana yake hatujui, kwa hiyo kompyuta itaazima utajiri wa jirani na kuujaza pale. Umejipa dhahabu ya bure, hongera, subiri mashine zianze kuchimba.

Chukua Excel yenyewe. Tundu limepewa jina MAR05, Excel inajiona mjanja, inaligeuza kuwa tarehe 5 Machi. Jedwali la kola lina MAR05, la asei lina tarehe, hayashikani tena, tundu limepotea. Au mtu kaandika sampuli moja kutoka mita 10 mpaka 12, inayofuata kutoka 11 mpaka 13. Mita moja imehesabiwa mara mbili. Au tundu lina urefu wa mita 150 kwenye kola, halafu kwenye miamba kuna jiwe limeandikwa mita ya 163. Nani alilitoa? Kuna vijana wanaajiriwa kwa kazi ya kuwinda vitu hivi tu. Haina mbwembwe, hakuna mchoro wa kupost Insta, lakini mtu anayejua kusafisha majedwali haachwi nje ya geti muda mrefu. Wa kuzungusha milima ya rangi wako wengi.

Data ya kufanyia mazoezi utaitoa wapi? Jimbo la Western Australia linaweka wazi ripoti za utafutaji madini za kampuni, na nyingi zina majedwali ya matundu ndani yake. Unapakua matundu ya kweli, yenye uchafu wa kweli. Kuna pia mkusanyiko unaoitwa MineLib, wenye mabloku (vijisanduku vya mwamba vya kwenye kompyuta) ya migodi ya mfano kwa wanaotaka kujipima kwenye mahesabu ya shimo. Kwa kuona matundu kwa 3D kuna Geoscience ANALYST ya Mira Geoscience, Kanada, toleo la kutazamia ni la bure. Anayejua Python kidogo ajaribu GemPy, iliyotengenezwa na watu wa Aachen, Ujerumani, inajenga tabaka za miamba. Kwa takwimu za madini kuna SGeMS ya Chuo Kikuu cha Stanford. Zote bure. Sura zao za kizamani, msizidharau.

Ukishasafisha, unajenga umbo la mbale: unaunganisha tundu na tundu kwa nyavu za pembetatu mpaka upate mwili uliofungika usiovuja. Halafu unaujaza mabloku, maelfu mpaka mamilioni, kila bloku linapewa kiwango chake cha madini. Namna ya kukipata kiwango hicho ilianza na kijana wa Afrika Kusini, Danie Krige, injinia aliyekuwa anaumiza kichwa na dhahabu ya Witwatersrand. Tasnifu yake ni ya 1951. Aliona sampuli tajiri zinadanganya: mbale inayotarajiwa kuwa nono, ikichimbwa inatoka nyembamba, na iliyodharauliwa inatoka nzuri kuliko ilivyosemwa. Mfaransa Georges Matheron akaipa njia hiyo hesabu kamili na kuiita kwa jina la Krige. Leo inaitwa krigingi, iko kwenye programu kubwa za migodi, unabonyeza tu. Na kubonyeza tu ndiyo hatari yake. Usiibonyeze kabla hujachora kwa mkono wako, kwenye karatasi, ukuta mmoja wa kilima ukiwa na matundu matano, ukakadiria mwenyewe mbale inapita wapi.

Kuna stori nasimulia kila nikimwona mtu anaabudu mchoro. Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Bre-X, ilitangaza dhahabu ya kutisha huko Busang, Indonesia. Hisa zikapaa, matajiri na walalahoi wakazamisha akiba zao. Mwaka 1997 ikagundulika sampuli zilikuwa zinanyunyiziwa dhahabu kabla ya kwenda maabara. Mjiolojia wao mmoja alikwishakufa kwa kuanguka kutoka helikopta. Ukitazama hesabu za Busang zilikuwa sawasawa, jumla zinakubali, mabloku yamejipanga. Hesabu zilifanya kazi yake vizuri kabisa juu ya uongo.

Lakini kutoka kwenye ule msiba tumepata kitu cha kutusaidia sisi wa Kashozi. Kanada ilikaza sheria, mwaka 2001 ikaja kanuni inayozitaka kampuni zilizoko kwenye masoko yake ya hisa zichapishe ripoti ya kitaalamu, imesainiwa na mtu anayejulikana, inayoeleza madini yamehesabiwaje. Nchi nyingine zina kanuni za namna hiyo, Marekani ikiwemo. Na kampuni inayomiliki sehemu kubwa ya Tembo Nickel, Lifezone Metals, iko kwenye soko la hisa la New York tangu 2023. Kwa hiyo ripoti ya Kabanga ipo wazi. Unaipakua bure. Humo mna ramani za Ngara, matundu yalivyopigwa, miamba ilivyopangana, mabloku yana ukubwa gani, mgodi wa chini umebuniwa vipi. Ni kurasa nyingi na Kiingereza chake kikavu kama mkate wa juzi. Lakini mtu akiisoma sura ya uchorongaji na sura ya hesabu ya madini, taratibu, kwa wiki kadhaa, anaingia kwenye usaili akiwa anaongea lugha ya wenyeji. Sijui denti wangapi wa jiolojia nchi hii wameifungua. Ningebeti ni wachache, na mimi sibeti.

Upande wa kubuni shimo lenyewe nitapita haraka, kwa sababu ukishinda data huu unakuja. Mwaka 1965 jamaa wawili, Lerchs na Grossmann, walionyesha namna kompyuta inavyoweza kuchagua shimo lenye faida kubwa kuliko yote kutoka kwenye rundo la mabloku. Programu za leo bado zinatembea juu ya wazo lile. Baada ya hapo unachora ngazi, unaacha kingo za kukamata mawe yanayoporomoka, unaweka barabara ya malori, kawaida ikipanda mita moja kwa kila mita kumi. Barabara ndiyo inamuumbua mwanafunzi: shimo zuri kwenye karatasi, ukiiweka barabara linapanuka, magwangala yanaongezeka, faida inayeyuka.

Chuo kipo? Kipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya migodi na jiosayansi, Dodoma kuna UDOM na Chuo cha Madini kwa wanaotaka stashahada. Dodoma hiyohiyo iko GST, taasisi ya jiolojia iliyoanza 1925, ndiko ziliko ramani za jiolojia za nchi, karatasi kwa karatasi. Serikali yenyewe ilisema ni asilimia 16 tu ya nchi iliyopimwa kwa ndege kwa vipimo vya karibu, na ikaweka lengo la kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Hata wakifika nusu ya njia, hizo ni data za kufa mtu, na zitahitaji watu wa kuzisafisha. Dada zangu, hili ni lenu pia. Majedwali hayaulizi nani ana misuli, na banda la sampuli linataka jicho linaloona jiwe limebadilika rangi kidogo kwenye mita ya 87.

Ila msisubiri geti kubwa. Ukitaka kuanza na mtonyo mdogo, panda gari uende Kyerwa kwa wachimba bati. Wengi wanafuata mkanda wa mwamba wenye bati kwa uzoefu na imani. Maduara, yaani mashimo yao, yapo, hayajachorwa popote. Chukua dira, futi ya kamba na GPS. Pima mdomo wa kila duara, kina chake, mkanda unaelekea wapi na umeinama kiasi gani, ni tope au jiwe gani, bati limetoka wapi na wapi limekata. Hayo ni majedwali manne yaleyale, kola, savei, asei na miamba, isipokuwa asei yako itakuwa uzito wa bati kwenye mizani ya mnunuzi. Yaweke kwenye QGIS, mfumo sahihi, mwinamo sahihi. Maduara kumi tu yakishakaa pamoja, utaona kama yote yako kwenye mkanda mmoja au miwili, na unaelekea kwa nani.

Mwenye duara hatakuuliza umetumia programu gani. Msalimie kwanza, kaa, kunywa kahawa aliyokupa. Kisha atakuuliza kesho achimbe upande gani, na ukimjibu vizuri mara mbili, ya tatu mtaongea hela. Mpelekee karatasi iliyochapishwa kubwa, mstari mmoja mwekundu, majina ya maduara kwa herufi anazozisoma bila miwani. Laptopu iache ndani ya begi. Vumbi la kule ni noma, na feni yako ni ya mtumba.